Mluzi wa Kumalizia

Jumatatu, 4 Machi

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo: leo Baba mzazi amekabidhiwa meno mapya, ya juu na ya chini, mbele ya mashahidi wawili — mimi na daktari wa meno. Hotuba haikutolewa. Alijaribu kusema asante, ukatoka upepo.

Nimerudi kwenye cherehani yangu na kaseti yangu. Ileile. Violini moja, okestra nyuma yake. Baba aliirekodi redioni nikiwa mdogo. Ile sehemu ya polepole — jamani! Violini inapanda kama mtu anayepita sebuleni, viatu mkononi, asiamshe waliolala. Ikifika hapo mguu wangu wenyewe unapunguza mwendo. Mishono yangu yote iliyonyooka nimeishona hapo. Iliyopinda, lawama ziende kwa sehemu ya haraka.

Jumatano, 6 Machi

Kanda yenyewe iliisha kabla ya muziki. Violini iko juu kabisa, inashusha pumzi — ka! Kimya. Hapo Baba humalizia kwa mluzi. Alianza kwa ajili ya Mama, aliyekuwa akikunja pindo kwenye cherehani hiihii, akalalamika: ndiyo nini sasa, kuniacha njiani? Baba akabuni mwisho papo hapo. Mwisho uleule, miaka nenda miaka rudi. Mama alikwenda kaburini akijua ndivyo ulivyotungwa. Mimi nami nilijua hivyo mpaka nikaota ndevu. Na ni mzuri, sisemi kwa kuwa ni baba yangu. Unashuka taratibu, kisha unapanda kidogo mwishoni, kama mtu aliyefika mlangoni akageuka kukutazama.

Leo Baba alipita. Kanda ikafika pale. Akakunja midomo. Upepo mtupu! Akajaribu tena, meno ya juu yakashuka kama pazia. Nikacheka, naye akacheka. Ila yeye aliacha mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu hana mizunguko: si uchukue simu, muziki mzima umo humu, mwanzo mpaka mwisho. Sitaki, nikamwambia.

“Unaogopa nini, Fundi?”

Naogopa nini! Naogopa mwisho wa kweli uwe mzuri kuliko wa Baba. Basi. Nimeshona kola mbili leo, zote kichwa chini.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu nimemwambia tuliusikiliza muziki mpaka mwisho, tukaupenda. Ukweli ni huu.

Baba mwenyewe ndiye aliyeomba. “Lete hiyo simu yenu. Nisikie huyo bwana mtunzi alimalizaje.” Akavua meno, akayatia kwenye kikombe, akakaa kwenye kiti cha Mama. Sauti safi mno! Nikaikumbuka mikwaruzo ya redio yetu. Violini ikapanda, viatu mkononi. Baba kafumba macho. Ikafika juu kabisa, ikashusha pumzi — naye Baba akabonyeza simu. Kimya. Palepale pa kanda, bila kukosea.

“Baba, bado kidogo tu uishe.”

“Najua.”

Akawa ananitazama mdomoni. Mimi, ambaye mbele yake sijawahi kupiga mluzi hata wa kumwita mbwa! Nikalamba midomo. Ilikuwa mikavu kama kitambaa kipya.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Usimwache mama yako njiani.”