Neno Lililofungwa kwenye Mkanda wa Saidi

Ngarenaro, Arusha
Alhamisi asubuhi

Kwako mke wangu, Mama Saidi,

Salamu nyingi. Goti lako limepoa? Na yule mbuzi mweusi kashazaa? Mimi mzima, cherehani nzima, na barua hii naandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtu.

Juzi mwanao alishuka kutoka msituni Olmotonyi na mkanda wake wa kupandia miti, ule wanaojifunga kiunoni wakichuma mbegu juu kabisa. Msimamizi wao kaufungia kikaratasi cha Kiingereza: TEAR. Saidi akasema, "Baba, nimwite jirani asome?" Nikamwambia, "Nisomewe mimi? Mimi niliyemshonea mzungu mapazia miaka tisa?" Neno hilo nalijua. Ni machozi. Na kweli mkanda ulikuwa umejaa utomvu, machozi ya mti yale. Nikaufua kwa mafuta ya taa na sabuni mpaka ukang'aa. Hakuna fundi Arusha hii angeutakatisha vile. Leo alfajiri kaja kauchukua, akacheka, "Baba, umeufanya mpya."

Kikaratasi kilibaki mezani. Mama Neema wa duka la vifungo akakiona.

"Mzee, palipochanika umeshashona?"

"Pamechanika wapi? Hayo ni machozi."

Akacheka sana. "Machozi ni hilohilo na kuchanika ni hilohilo. Herufi zilezile, mdomo ndio unabadilika. Kilifungwa kwenye nini?"

Nikamwambia. Akaacha kucheka.

Nilibisha, Mama Saidi. Nilibisha mpaka akaondoka zake. Halafu nikakumbuka: karibu na chuma cha kufungia, chini ya pindo, kidole changu kilizama wakati nafua. Nikadhani ni sabuni inateleza.

Simu ya Saidi haipatikani, wakipanda wanaziacha kambini. Yako nimeogopa kuipiga, ndiyo maana naandika. Kondakta wa basi la Kondoa atakuletea. Upepo wa mlimani umeanza tangu saa moja, mabati yanagonga. Pikipiki inanisubiri nje. Nimechukua ile sindano kubwa na uzi wa nta.

Msalimie mama mkwe, na dada yangu Halima. Mchumba wa Saidi mpe salamu tu, barua usimsomee.

Niombee nimkute bado yuko chini.

Mimi mumeo,
Iddi fundi