Filamu Ninazomsimulia Baba

Kaka,

Sisi wazima. Ile filamu mpya uliyotutumia imenichosha. Magari yanalipuka mwanzo mwisho na watu hawasemi kitu. Tangu macho ya baba yaingie giza, mimi ndiye ninayemsimulia. Sasa nimsimulie nini, moshi?

Bora zile za zamani, watu wanaongea hata wakiwa wanakata roho. Baba amezikariri zote, nikikosea ananikatiza: "Bado hajalia huyo, mbona una haraka?"

Lakini hata hizo zimeanza kunishinda. Kila mlango ukigongwa ndani ya filamu, baba anageukia mlango wetu na kuniambia, "Mfungulie kaka yako." Nimechoka kumwambia ni filamu.

Usitume nyingine. Njoo ugonge mwenyewe.

Mdogo wako,
msimulizi asiye na likizo