Baba, Ile Adapta Niliichomoa

Baba,

Mwaka umeisha tangu tukuzike, na leo nina habari siwezi kumpa mtu mwingine kabla yako.

Ulipokuja kukaa nami huku ng'ambo, hapa Arlington, ulikuwa fundi redio mstaafu, huna redio ya kutengeneza. Basi kila asubuhi ulizunguka nyumba ukigusa adapta za ukutani kwa nyuma ya mkono, kama ninavyopima homa ya mgonjwa. Zile mpya, nyepesi, uliziacha. "Hizi hazili kitu." Zile nzito za zamani ulizichomoa. "Hii inakunywa stima na hakuna kazi inafanya. Na hilo joto ndilo litaiua." Mimi natoka shift ya uuguzi nimechoka, nakuta simu ya mezani imezimwa, nakufokea. Siku moja nikakwambia, "Baba, hapa si Nakuru." Hukuchomoa tena.

Sasa sikiliza. Jumapili baada ya ibada nilipita Lewisville kwa Espérance, Mrundi ninayefanya kazi naye. Binti yake mdogo ana pumu, na mashine yake ya kuvuta dawa hukaa imechomekwa siku zote. Mtoto alikuwa amelala. Nikainama nimsikilize kifua, mkono wangu ukapita nyuma ya kitanda kugusa adapta, kama ulivyozoea wewe.

Baba, niliungua. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini adapta ilikuwa moto chini ya blanketi, plastiki imevimba, imekuwa kahawia. Blanketi lenyewe lilikuwa limeanza kuungua pembeni. Nilishika taulo, nikaichomoa, nikambeba mtoto hadi sebuleni. Hata hakuamka.

Espérance alikaa chini akalia. "Dada, ulijuaje?"

Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi. Halafu nikalia na mimi.

Tukazunguka nyumba yake yote, tukigusa. Mbili zaidi tulizitupa. Kesho yake alinunua adapta mpya inayofaa mashine ile, na mtoto anapumua vizuri.

Sikukuomba msamaha ukiwa hai. Nakuomba leo. Ulikuwa sahihi, na nyumba yangu ilikuwa salama kwa sababu yako.

Pumzika, Baba. Jumamosi kina mama wa kikundi cha Espérance kule Garland wameniita niwafundishe kupima adapta kwa mkono. Nakuahidi nitaenda, hata kama ni siku ya shift, na wakiniuliza nilisomea wapi, nitataja jina lako lote.

Binti yako,
Wambui