Kwa Mwewe Wetu, Rubani wa Michezo ya Angani

Mwaka umekatika, Mwewe wetu, tangu asubuhi ile ulipoketi jikoni kusubiri maji ya chai yachemke, ukaegemeza kichwa ukutani, usiamke tena. Waliopata habari walidhani umeanguka na ndege. Mama alikuwa akiwajibu mmoja mmoja, "Hapana. Kwenye kiti. Mwanangu kafia kwenye kiti."

Jina la Mwewe alikupa yeye, ulipokuwa mtoto wa kupanda kila kilichosimama. Ukakua, ukawa rubani wa ndege ya mizigo, ukibeba vipuri na dawa, kazi ya heshima ambayo sisi tuliona imetosha. Wewe haikukutosha. "Hilo ni lori lenye mabawa," ulikuwa ukituambia. Ulitaka kucheza na ndege: kuigeuza tumbo juu, kuizungusha kama pia, kuishusha wima mpaka watu washike vichwa, halafu kuinyanyua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku zako za mapumziko ziliishia karakana kwenye ndege yako ndogo ya michezo, mikono imejaa grisi, ukimchosha fundi wa ndege kwa maswali. Mumeo, mshonaji wa viti vya magari, alikushonea mto wa mgongoni ili miguu yako mifupi ifike kwenye pedali. Fundi alipoucheka, ulimwambia, "Cheka tu, ndege yenyewe haijalalamika."

Uani ulikuwa ukifanya mazoezi kwa miguu. Ulifumba macho, kiganja kimenyooka kama ndege, ukatembea huku ukikipindua, ukinong'ona mzunguko unaofuata. Jirani akamvuta kaka yako pembeni: "Samahani, dada yenu yuko sawa kweli?" Ulipoambiwa, ulicheka mpaka ukakaa chini.

Waandaaji wa maonyesho ya ndege walikukataa miaka na miaka. Walisema hujulikani. Na utajulikanaje bila kuruka? Hatimaye wakakubali. Ulipiga simu nyumba hadi nyumba: "Wamenichukua! Mimi ndiye ninayefungua maonyesho!" Mama, ambaye hakuwahi kupata usingizi wa maana ukiwa angani, alikwenda kujinunulia kofia ya jua.

Kisha ukaenda kupimwa afya, kama marubani wote. Daktari akausikiliza moyo wako, akarudia, akarudia tena. Ulimuuliza, "Nikiruka mara moja tu?"

"Hata hiyo moja," akasema.

Basi ikawa si michezo wala mizigo. Ulirudi nyumbani, ukavua viatu mlangoni, ukasema, "Nimeshushwa."

Siku ya maonyesho hatukutegemea uende. Ulitutangulia kufika. Rubani mwingine alipanda ndege yako na kuruka mchezo wako, mzunguko kwa mzunguko, maana ulimfundisha mwenyewe ili mchezo huo usipotee. Umati wote ulitazama juu. Sisi tulikutazama wewe, umesimama kwenye uzio, macho umefumba, kiganja kikipinduka pamoja naye. Makofi yaliporindima, ukauliza, "Kamaliza vizuri?"

Mumeo akasema, "Kamaliza."

Ukakitia kiganja mfukoni.

Tulidhani utazoea. Uliendelea kutupenda vilevile. Ulimpeleka Mama kliniki, ulimsuka mdogo wako nywele, ulicheka pale penye kuchekwa. Lakini ndege ikipita, uliinama kutafuta kitu chochote kilichoko chini. Miezi ikaenda hivyo, mpaka asubuhi ile. Tungependa kuandika hapa kwamba uliondoka umeridhika. Hukupenda kudanganywa, nasi hatutaanza leo.

Wiki iliyopita maonyesho yalifanyika tena. Tulialikwa, hatukwenda. Muungurumo ulipoanza kusikika, Mama alifunga madirisha yote, na joto lote lile, akaketi katikati ya sebule.

"Mama, tutakosa hewa," kaka yako akamwambia.

"Tukose," akasema. Hakuna aliyeinuka kuyafungua.

Unakumbukwa na Mama yako, ambaye bado analiita jina lako kabla hajajikumbusha, mumeo, kaka yako na wifi yako, mdogo wako, ambaye sasa anasukwa na watu baki, na fundi wako wa karakana, aliyeomba ahesabiwe ndugu. Faraja hatujaipata, na tumeacha kuitafuta. Kukukumbuka ndiko tulikobakiwa nako, Mwewe, na huko hatutoki.