Majani ya Mikoko Uliyoyapaka Kahawia

Fundi Mwinyi,

Mungu akurehemu. Salamu nyingine zitakuja hasira zikipungua. Siku ya arubaini yako watu wote wa Bodo walikusifu, na mimi mwanafunzi wako nililisukuma sinia la pilau kando.

Ni siku ile mkeo aliponiambia kwamba sukari ilikuwa imekuharibu macho. Mwaka mzima kabla hujafa rangi ulikuwa huzijui tena, umebaki na mwanga na giza tu. Mwaka mzima, Fundi, nami niko ubavuni pako nakushikia ngazi ukichora picha ukutani.

Kumbe ndiyo maana ulininyima rangi za kuchorea. Ulinipa vipande vya kadi ya kijivu, kuanzia cheupe hadi cheusi, nikoroge kijani, nipake doa juu ya kadi, lilingane nayo kwa mwanga, si kwa rangi. Kisha nyekundu, juu ya kadi hiyo hiyo. "Fumba jicho nusu, Mwanasiti. Ukiuona mpaka, bado." Miezi na miezi niliuona huo mpaka kati ya doa na kadi. Nilidhani wanidharau kwa kuwa ni mwanamke. Nililia chooni pale hotelini Diani, wewe uko nje wapiga mluzi.

Na ule ukuta wa hoteli? Majani ya mikoko yako ya mwisho uliyapaka kahawia, rangi ya chai ya rangi. Mimi mjinga nikaona ni ufundi, nikaongeza mikoko mitatu yangu, kahawia vile vile. Ulipokufa meneja alicheka, akauliza kama msitu umeungua. Nikakutetea mbele ya wahudumu. Ungeniambia tu. Ningekuwa macho yako, na mtu asingejua.

Wiki hii nimeyapaka upya. Nilikoroga kijani, nikatia doa juu ya kahawia yako, nikafumba jicho nusu. Bado. Nikaongeza nyeusi kidogo. Bado. Mara ya tano, kijani kilipofikia kile cha mikoko yenyewe, ule mpaka ulipotea. Hukukosea hata jani moja, mzee wewe. Mwanga wote ulikuwa mahali pake. Nikakaa juu ya ndoo nikalia, safari hii mbele ya watu.

Mkoko mmoja nimeuacha kahawia, ule wa karibu na mlango wa jikoni. Meneja akiuliza, nitamwambia afumbe jicho nusu.

Lala salama, Fundi. Mwanafunzi wangu wa kwanza nitampa kadi za kijivu, nami nitamnyima rangi kama ulivyoninyima. Lakini sababu nitamwambia siku ile ile ya kwanza.

Mwanasiti