Niliifukua Silinda Hedi Kabla Haijapoa

Shangazi mpendwa, nakuomba unishike mkono, maana furaha na hofu vimenijia pamoja.

Mimi ni mchomeleaji kwenye gereji moja mbali na kwetu, shule niliishia njiani, mgongo umechoka lakini mikono bado inanitii. Mke wangu na watoto wanaishi kwa baba yake, kwa sababu mzee alisema binti yake hatamfuata mtu anayelala nyuma ya gereji mpaka mtu huyo aonyeshe anachoweza. Sasa mzee ana mashine ya kusaga, na silinda hedi yake, yaani kile kifuniko kizito cha juu cha injini, ilipasuka, mafundi wa kule wakasema hicho ni chuma cha kusubu, cha kumiminwa kwenye kalibu, hakichomeleki, itupwe, nami kwa kiherehere changu nikapiga simu nikasema ileteni huku, ikaja kwa lori imefungwa blanketi kama mgonjwa.

Shangazi, nimeiweza. Niliipasha kwenye makaa taratibu mpaka ikawa moto kote, nikachoma kipande kifupi, nikagongagonga kwa nyundo ndogo, nikaiacha ipumue, nikachoma tena, na mshono ulivyokaa, hata fundi mkuu wetu, tunayemwita Kisirani kwa sababu hajawahi kumsifu mtu, aliutazama akasema, "Haya, leo umekula mshahara halali." Tukaifukia kwenye majivu, maana chuma hicho kikipoa haraka kinapasuka upya, na Kisirani akanikataza kuigusa mpaka kesho yake.

Sikuweza kusubiri, nilitaka mke wangu aone. Kisirani alipokwenda kula niliifukua, nikasimama kando yake nimekenua meno yote, mwenzangu akanipiga picha, upepo ukapita, nikasikia "tik", kasauti kadogo tu, nikaifukia tena mbio kama mwizi.

Picha ikafika. Mzee ameizungusha mtaa mzima, anasema mkwe wake ni daktari wa vyuma, wateja wameshaambiwa walete nafaka. Mke wangu kaniandikia: "Mbona umekonda hivyo? Nafungasha, nakuja lori likirudi." Lori hilo ndilo litakalomrudishia mzee hedi yake, na linaondoka huku mwisho wa wiki. Mshono nimeukagua kwa macho, sioni kitu. Nikiitaja ile tik, mzee atasema alijua tu, na mke wangu atafungua mizigo. Nikinyamaza, huenda isipasuke. Ninyamaze?

*Shangazi anajibu:*

Mdogo wangu, hongera kwanza. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na tulipofika kwenye maneno ya Kisirani watu walipiga meza.

Sasa nikugombeze. Fundi gani anaifukua kazi yake ili apigwe picha? Halafu unataka kunyamaza. Hiyo hedi ikipasuka mashine ikiwa imezungukwa na wateja, atakayeaibika ni mzee aliyekusifu, na hapo utakuwa umempa sababu ya kweli ya kukukatalia.

Macho hayatoshi. Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Anasema upake mafuta ya taa juu ya mshono, yaache yaingie, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka yachore mstari kwenye chaki. Usipouona mstari, ipeleke. Ukiuona, nenda kwa Kisirani ukatukanwe kidogo, kisha toboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee, usage ufa wenyewe, pasha, choma upya, na safari hii iache kwenye majivu mpaka iwe baridi kabisa. Lori likiondoka, na liondoke.

Baba mkwe mpigie wewe mwenyewe, leo, kabla hajaita wateja wengine. Mwambie, "Mzee, nilifanya pupa, naikagua upya." Atafoka. Mwache afoke, mashine ni yake.

Mkeo je? Hebu soma tena alichoandika. Umemtumia picha ya chuma, yeye kaona mashavu yako. Mshono hajautaja hata kwa neno moja. Huyo hafungui mizigo kwa sababu ya tik, labda umfiche aje kuisikia kwa baba yake. Mwambie leo leo.

Ukimaliza simu hizo, nenda katafute chumba. Umenijazia ukurasa mzima habari za hedi ilivyolala kwenye majivu, na hujasema mama watoto atalala wapi.