Ufa wa Juu ya Zizi

Harrow Creek, 5 Machi 1978

Mwanangu Lesia,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi wazima, ila goti langu. Na wewe? Unakula? Mama yako ameiangalia picha uliyotuma, anasema umebaki pua tu.

Leo baada ya kanisa mjomba wako Orest kanichokoza tena mbele za watu. "Shemeji, yule binti bado anasomea mawe?" Nikamwambia ndiyo, jiolojia, mwaka wa tatu. Akasema, "Angesomea uuguzi angetufunga hata bendeji. Jiwe likiumwa, nani atamwita?" Watu wakacheka, mwenye duka ndiye zaidi. Nami nikacheka. Nimechimba makaa miaka thelathini na moja, hakuna aliyenipa shahada.

Habari za hapa ni ndogo. Theluji inayeyuka. Mlango wa zizi umekataa kufunga, nimeuranda mara mbili, bado. Chemchemi ya juu imekauka, halafu maji yametokea nyuma ya nyumba ya Orest, mahali ambapo hapajawahi kuwa na maji. Waya wa uzio umekaza hadi unalia. Uzee tu.

Jibu kwa barua. Simu siisikii, baruti ilishanimaliza masikio.

Baba yako, Panas

Chuoni, 10 Machi 1978

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima na ninakula, mwambie Mama. Goti vipi?

Baba, nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama. Zizi, chemchemi na uzio viko kwenye mteremko mmoja. Vitu vitatu vikigoma kwa pamoja, huo si uzee. Udongo wa juu unaweza kuwa unateleza juu ya tabaka la mfinyanzi la udongo lililolowa.

Nakuomba upande juu ya zizi, mpaka kwenye misonobari. Tafuta ufa. Ukiuona, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, upime umbali kati yake kila asubuhi saa ile ile. Andika namba.

Najua utacheka. Cheka, lakini panda.

Binti yako, Lesia

Harrow Creek, 19 Machi 1978

Mwanangu,

Salamu. Tunaendelea vizuri, sijui kwa muda gani.

Nimecheka, nikapanda. Ufa upo. Umefunikwa na theluji, mguu wangu ukazama hadi pajani. Ni mrefu kama kutoka kanisani hadi dukani, na unapita juu ya nyumba zote saba za upande wetu. Siku ya kwanza kati ya vigingi palikuwa inchi sita. Leo, sita na nusu.

Mama yako ananiuliza ninakwenda wapi kila asubuhi. Nimemwambia natafuta uyoga. Kwenye theluji!

Baba yako

Chuoni, 24 Machi 1978

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kupanda.

Nimempelekea mwalimu wangu namba zako. Anasema vipimo vya mzee mmoja kwa tepu ya seremala havihamishi kijiji. Kanishauri niandikie ofisi ya serikali. Nimeandika. Watatuma mtu mwezi wa Juni, barabara ikikauka.

Juni, Baba! Endelea kupima. Usisimame upande wa chini wa ufa, hata kwa dakika moja. Usiku silali vizuri kwa sababu nakutuma mahali ambapo sitaki uwe.

Lesia wako

Harrow Creek, 2 Aprili 1978

Mwanangu Lesia,

Salamu. Mwambie mwalimu wako kwamba nyumba anayolala ilijengwa kwa tepu ya seremala.

Jumatatu inchi tisa na nusu. Jumatano kumi. Alhamisi tepu ilikatika ncha, sasa naanzia alama ya inchi mbili. Leo kumi na tatu. Vijiwe vinadondoka kwenye paa la Orest. Nimemwambia ahame, akanijibu, "Mlima huu ulikuwepo kabla babu zetu hawajavuka bahari."

Mara mbili nilitoka mgodini nikiwa hai kwa sababu niliwaamini wazee waliojua kusikiliza magogo ya kushikilia paa yanavyolia. Sasa sina mzee wa kumuuliza ila wewe. Sema neno.

Baba yako

Chuoni, 6 Aprili 1978

Baba,

Naituma kwa njia ya haraka, nisamehe salamu fupi.

Nimechora namba zako kwenye karatasi ya grafu. Mstari uliokuwa umelala sasa umesimama wima. Ondokeni, familia zote saba. Kwa hesabu yangu mlima utashuka kabla ya tarehe kumi na tatu. Nikikosea, lawama ni yangu, waambie hivyo.

Lesia

Harrow Creek, 15 Aprili 1978

Lesia,

Salamu. Tumehamia ukumbi wa kanisa tangu tarehe nane, watu ishirini na tisa. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba nikisema binti yangu kasema. Orest alikuja wa mwisho, na bata wake watano kwenye kapu.

Tarehe kumi na tatu ikafika, ikapita. Mlima umekaa kama ng'ombe aliyeshiba. Kwa siku tatu ufa umeongezeka robo inchi tu. Kila asubuhi Orest ananipigia kelele sikioni, "Shemeji, mtabiri wako kaandika nini leo?" Mama yako anapika pirohi, maandazi yetu ya viazi, za watu ishirini na tisa kwenye jiko moja na hasemi nami.

Sikulaumu. Lakini nataka ukweli wote, hata kama ni mchungu.

Baba

Chuoni, 19 Aprili 1978

Baba yangu,

Shikamoo. Umeomba ukweli, huu hapa.

Nimerudia hesabu tangu mwanzo. Uliniandikia kwamba tepu imekatika na unaanzia alama ya inchi mbili. Sikuzitoa zile inchi mbili. Nilizihesabu kama mwendo wa mlima. Tarehe niliyokupa ilikuwa na kosa, na kosa ni langu, si lako.

Lakini Baba, nisikilize. Mlima bado unasonga. Kupunguza mwendo si kusimama, na theluji ya kileleni bado haijayeyuka. Siwezi kukupa siku nyingine. Nasema tu, msirudi bado. Msirudi.

Lesia

Chuoni, 27 Aprili 1978

Baba,

Mama ameniambia kwa simu. Mlima umeshuka Jumatatu asubuhi, na mjomba Orest ndani ya nyumba yake. Nikamuuliza, kwa nini alirudi? Mama akakata simu.

Ni barua yangu, sivyo? Ningenyamaza kuhusu kosa lile, angekuwa ukumbini na bata wake.

Nimekwenda ofisi ya chuo kujaza fomu ya kuacha masomo. Mtihani ni tarehe nane Mei, siufanyi. Niandikie, Baba, hata mstari mmoja wa kunilaani.

Lesia

Harrow Creek, 1 Mei 1978

Mwanangu Lesia,

Salamu. Mimi na mama yako tupo. Sikuandika kwa sababu tulikuwa tunachimba. Orest tulimpata siku ya nne, Jumamosi tukamzika.

Barua yako niliisoma mimi, kwa sauti, mbele ya familia zote. Ningeweza kuificha. Nilipofika pale pa kosa, Orest akapiga makofi, akachukua kofia. Yaliyobaki niliyasoma kwa kupaza sauti: msirudi bado. Familia sita zilisikia, zikakaa. Yeye akasema, "Kesho nakunywa chai kwenye kikombe changu." Nikamshika mkono, akanisukuma. Tuliachana kwa hasira.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nafunga viatu. Mimi sisikii, lakini niliusikia mlima kwa nyayo. Nilipotoka nje palikuwa na vumbi tupu, na lilipotulia hapakuwa na nyumba hata moja ya upande wetu. Yetu, zizi, misonobari, vyote.

Watu ishirini na wanane wanapumua. Usidhani nakuambia kwamba hao wanamfuta mmoja. Hawamfuti. Mama yako anamlilia kaka yake. Juzi alinilaumu mimi, jana akakulaumu wewe, leo analaumu mlima. Muache.

Sasa sikiliza. Upande wa mashariki wa bonde kuna nyumba kumi na moja. Leo asubuhi amekuja mwenye duka, yule aliyecheka kuliko wote, kofia mkononi. Kanisemea karibu na sikio, "Panas, juu ya kwangu kuna ufa. Muulize binti." Nikamwambia binti ameacha shule. Amekaa kwenye ngazi za ukumbi, na ninapoandika haya bado yupo, haondoki.

Rudi ofisini ukaichukue ile fomu. Fanya mtihani wako, kisha panda basi. Mtu huyu sijui nimwambie nini.

Baba yako, Panas